Sauti ni ya Nani? Mwalimu na Wanafunzi katika Bendi ya Jazi

Juzi kwenye semina mmoja wetu alidai kuwa kazi ya mwanafunzi ni kivuli tu cha mwalimu wake. Nikamkumbuka Donald Byrd, mpiga tarumbeta wa jazi (ya Marekani, siyo hii ya dansi letu). Mwaka 1973, akifundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, aliwakusanya wanafunzi wake wakawa The Blackbyrds. Hata jina limetoka kwake! Lakini mwalimu wa jazi huongoza mazoezi tu. Ikifika zamu ya mtu kubuni papo hapo, kijana hubaki peke yake na ala yake. Na “Walking in Rhythm”, wimbo uliowafikisha nafasi ya 6 kwenye chati ya Billboard mwaka 1975? Aliutunga Barney Perry, mpiga gitaa wao, wala siyo Byrd.