Pikipiki Inavuja Oili: Tafuta Kwanza Inapoanzia

Mwezi huu mtuvumilie, hatutaongea habari za madaftari. Tutaongea oili.

Hapa Nakivale, shida ikikukamata usiku, wa kwanza kumwita ni kijana wa boda. Kijijini kwetu tuko na mmoja. Pikipiki yake ni ya zamani, imepita mikono mingi, lakini wamama wengi wamefika kituo cha afya juu ya kiti chake. Basi mwezi uliopita alimbeba mwalimu mwenzetu na boksi la chaki, gurudumu la nyuma likateleza kwenye kona, wote wawili chini. Walichubuka magoti tu, Mungu asifiwe. Tulipoinua pikipiki tukakuta tairi imelowa oili.

Fundi wa kwanza alisema ni bolti ya kumwagia oili, akapaka gundi kwa nje, akachukua pesa. Siku ya tatu ikavuja tena. Kijana akaanza kusema ataiuza. Sisi tukamwambia ngoja kwanza, tukamwita Papa mmoja jirani yetu aliyetengeneza pikipiki miaka mingi kule Uvira. Jumamosi tukakaa naye chini ya mti wa shule.

Papa hakushika hata spana. Alitaka tumwonyeshe oili inatokea wapi, maana upepo na cheni huipeleka mbali na pale ilipoanzia. Tukaosha injini kwa sabuni na brashi, tukaikausha, tukanyunyiza unga wa muhogo kidogo. (Watoto walicheka sana, pikipiki inalishwa!) Kijana akazunguka kiwanja mara mbili. Unga ulilowa pahali pamoja tu, nyuma ya spoketi ndogo ya mbele, ile inayovuta cheni. Bolti ya chini, iliyosingiziwa, ilikuwa kavu kabisa.

Hapo ndipo shafti ya gia inatokea nje, ikizunguka ndani ya sili, yaani pete ya mpira yenye chuma. Mpira ukilika, gundi ya nje haiwezi kitu, kwa sababu shafti haitulii.

Tukailaza pikipiki upande wa kulia kwenye ukuta ili oili isimwagike, tukafungua cheni na spoketi. Papa aling'oa sili ya zamani polepole, akiogopa kukwaruza chuma, kwani mkwaruzo ukibaki itavuja hata ukiweka mpya. Akaitikisa shafti asikie kama beringi imelegea. Ilikuwa nzima. Kwenye sili kuna namba 3 za milimita: upana wa tundu, upana wa nje, na unene. Tuliziandika kwenye karatasi na kijana akaenda nazo Mbarara. Wenye haraka hununua kwa kukadiria, halafu wanarudi dukani.

Sili mpya ilipakwa grisi mdomoni, ikasukumwa kwa soketi yenye upana wake, ikigongwa kidogo kidogo isiende upande. Cheni ndiyo ilitushangaza. Kijana alikuwa ameikaza kama waya wa kuanikia nguo, akidhani ni vizuri. Papa alisema cheni kama ile huvuta shafti na kula sili. Akailegeza mpaka ikacheza sentimita 2 au 3 hivi.

Halafu tukapima oili, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ilipungua karibu kikombe cha chai. Vijana wa boda wasikie hapa: pikipiki nyingi za siku hizi, injini, klachi na gia vinakunywa oili moja, na yote ni karibu lita 1. Kikombe kikitoka ni robo imekwenda, na injini ikikauka hautatengeneza kwa bei ya sili. Zile za zamani zinazochanganya oili na petroli ndizo zenye oili ya gia peke yake.

Tairi tuliiosha kwa sabuni mara mbili. Jumanne usiku kijana aliitwa, akampeleka mama mmoja mwenye uchungu. Asubuhi tulichungulia chini ya pikipiki, mchanga ulikuwa mkavu.