Mto Mara na Gharama ya Nishati Isiyokwisha

Nishati ya upepo, ya jua na ya maji huitwa nishati isiyokwisha, kwa sababu tukiitumia leo akiba ya kesho haipungui, kama ipunguavyo akiba ya makaa ya mawe au mafuta. Jina hilo ni sahihi. Hata hivyo, mara nyingi huwafanya watu wadhani kuwa nishati ya namna hiyo hupatikana bila kumgharimu mtu yeyote. Mvua ya dunia haiishi, lakini mto mmoja waweza kukaushwa. Kwa wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, ambazo kwa sehemu kubwa hutenganishwa na Mto Mara, tofauti hiyo ni jambo la maisha.

Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, zilipo chemchemi za mito miwili, Amala na Nyangores, ambayo baadaye huungana. Kutoka hapo hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, hupita karibu na Nyamongo, kisha hutapakaa katika kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Safari yote ni ya kilometa 400 hivi. Karibu theluthi mbili za bonde lake zimo Kenya, na theluthi moja imo Tanzania. Sisi, basi, ndio tunaokunywa mwisho.

Ili kuelewa kwa nini wahandisi huutamani mto wa namna hii, mwanafunzi akumbuke kanuni moja ya fizikia. Nguvu ya maji yaangukayo hutegemea mambo mawili: wingi wa maji yapitayo kila sekunde, na kimo yanachoangukia. Tuseme meta 10 za ujazo hupita kila sekunde na kuanguka meta 20. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000; tukizidisha 10 kwa 1,000, kwa 9.8, kwa 20, tunapata wati 1,960,000, yaani kilowati 1,960. Mtambo mzuri hugeuza kama asilimia 80 ya nguvu hiyo kuwa umeme, nazo ni kilowati 1,568. Lakini kiangazi kikipunguza maji hadi meta moja ya ujazo kwa sekunde, mtambo uleule utatoa kilowati 157 tu.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyozaa mpango wa Amala. Maji ya mto huo yakifuata njia yake ya asili huishia Ziwa Viktoria, lililo juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134. Yakigeuzwa na kuingizwa katika Mto Ewaso Ng'iro wa kusini, yatateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ziwa Natron, lililo kwenye meta 600 hivi. Kimo cha ziada kinakaribia meta 500, na kimo ni umeme. Mpango uliobuniwa Kenya ulikuwa wa mabwawa matatu, Oletukat, Leshota na Oldorko, yenye uwezo wa megawati 180 hivi. Kwa mhandisi anayetazama kimo na wingi wa maji peke yake, hilo ni wazo zuri sana.

Anayesimama upande wa chini wa mto huona mambo kwa namna nyingine. Kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu ambayo kwa hesabu za ndege yamekadiriwa kufikia milioni 1.3 huwa kaskazini ya Serengeti na Maasai Mara, na katika kiangazi kikali Mara ndio mto wa kutegemewa huko. Mwaka 2002 Emmanuel Gereta wa Hifadhi za Taifa za Tanzania na wenzake walichapisha hesabu za matokeo ya kukata misitu, kumwagilia mashamba na kugeuza Amala kwa pamoja. Waliona kuwa ukitokea ukame mkali na mto ukakauka, wangeweza kufa nyumbu kati ya asilimia 20 na 80. Wakifa nusu, kundi lingehitaji kama miaka 20 kurudia idadi yake. Wakifa asilimia 80, huenda lisirudi kamwe. Tena madhara yasingeishia hapo, kwani maji mengi matamu yakiingia Natron yangebadili chumvi ya ziwa ambalo ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki.

Ikumbukwe kwamba Gereta hakuulaumu umeme peke yake. Msitu wa Mau ukifyekwa, mvua hushuka kwa mafuriko na udongo, kisha mto hukonda mapema. Bwawa lolote katika mto wenye matope hujaa mashapo upesi, na Borenga, wilayani Serengeti, ambako limekusudiwa bwawa la umwagiliaji, maji ya matumizi na umeme kiasi, halitaepuka swali hilo.

Je, upepo hauwezi kutuokoa? Hapa pia kuna kanuni: nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikizidi maradufu, nguvu huzidi mara nane. Karibu na Ziwa Turkana, ambako upepo huvuma kwa wastani wa meta 11 hivi kwa sekunde, mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, ilikamilika mwaka 2017. Mahali penye meta 4 kwa sekunde, nguvu katika eneo lilelile la mapanga ni sehemu moja kati ya 20. Kwa hiyo upepo ni mali ya mahali, si ya nchi nzima. Tanzania yenyewe ilipata shamba lake la kwanza la upepo, la megawati 2.4, huko Mufindi mwaka 2020. Upepo haunywi maji ya mtu. Lakini mitambo ya Turkana ilikaa zaidi ya mwaka mmoja ikisubiri nyaya za zaidi ya kilometa 400, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa hati za ardhi yake zilipatikana bila kufuata utaratibu. Huko Kipeto, Kajiado, wamewekwa walinzi wa kutazama angani, mitambo isimamishwe tumbusi wanapokaribia. Tumbusi husafiri mamia ya kilometa kutafuta mizoga, na wengi wanaokula mizoga ya Serengeti hawajui mpaka.

Ipo nishati ambayo Wakurya, Wangoreme na Waikoma wanayo mlangoni, nayo ni samadi. Ng'ombe aliyefungwa zizini hutoa kilo 10 hivi za kinyesi kwa siku, na kila kilo yaweza kutoa lita 40 hivi za gesi. Familia ihitajiyo meta mbili za ujazo kwa siku itataka ng'ombe watano. Shirika la CAMARTEC la Arusha lilieneza mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Ugumu wake ni kwamba ng'ombe wa malishoni huacha samadi porini, na kila ndoo ya samadi huchanganywa na ndoo ya maji, ambayo kwa kawaida hubebwa na mama kichwani. Paneli za jua hazidai ndoo hiyo, ila hudai betri, na betri huchakaa.

Mwaka 2015 Tanzania na Kenya zilitia sahihi makubaliano ya kusimamia bonde la Mara kwa pamoja, na kila tarehe 15 Septemba huadhimishwa Siku ya Mara. Karibu na Nyamongo, katika kituo cha Mara Mines, kina cha mto kimekuwa kikipimwa tangu mwaka 1969. Mwalimu wa fizikia akizipata takwimu hizo, awape wanafunzi mwezi wenye maji machache kuliko yote, si wastani wa mwaka, wazidishe kwa 9.8 na kwa kimo cha bwawa lolote linalopendekezwa. Kisha, kabla ya kuzidisha, waondoe kwanza maji ya viboko, ya nyumbu, ya mafunjo na ya vijiji.