Panga Kurudi Kabla ya Kutoka: Kuvua kwa Kayaki katika Bahari ya Kilifi

Saa kumi na mbili asubuhi, bahari ya Kilifi mara nyingi huwa shwari. Umande unavuma taratibu kutoka bara, maji ya ndani ya mwamba yametulia, na kayaki inateleza kuelekea nje bila jasho. Saa tano baadaye, bahari hiyo hiyo yaweza kuwa na povu jeupe kote, maji yamekupwa, na mwamba umechomoza kati ya mvuvi na ufuo. Aliyetoka kwa urahisi hugundua kwamba njia aliyopita haipo tena.

Kayaki haina injini wala tanga. Nguvu yake ni mikono ya mtu mmoja. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida hupiga kasia kwa mwendo wa kilomita 5 hivi kwa saa maji yakiwa matulivu, na mkondo mkali wa maji yanayotoka katika mlango wa mwamba waweza kumrudisha nyuma hata akiwa na nguvu zake zote. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la safari si mahali samaki walipo. Swali ni mvuvi atarudi saa ngapi, atapita wapi, na maji na upepo vitakuwa vinaelekea wapi wakati huo. Ushauri huu unawahusu pia wanaovua kwa mitumbwi ya makasia.

Misimu ya upepo

Mpango huanza na msimu. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, na huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Wakati huo mawimbi ya nje ya mwamba huwa makubwa, na wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au katika mikono ya bahari kama ile ya Kilifi na Mtwapa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Bahari huwa tulivu zaidi na maji safi, ingawa upepo wa alasiri waweza kuwa mkali. Kati ya misimu hii miwili huja maleleji, pepo zikiwa hafifu na zisizotulia upande mmoja. Siku nyingi za maleleji ni nzuri kwa kayaki, lakini zile za Aprili huandamana na mwanzo wa mvua za masika, na wingu moja jeusi laweza kuleta upepo wa ghafla.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni mkondo wa nje ya mwamba. Katika pwani ya Kilifi, mkondo wa bahari kuu huelekea kaskazini, na msimu wa kusi huuongezea nguvu. Mvuvi anayetoka Takaungu wakati wa kusi na kuacha kayaki ielee huku akitega mshipi, hujikuta amesogea kaskazini bila kujua. Kanuni ya wazee wa kasia ni rahisi: nguvu za asubuhi zitumike kwenda dhidi ya upepo na mkondo, ili wakati wa kurudi, mikono ikiwa imechoka, bahari ndiyo imsukume mtu nyumbani. Wakati wa kaskazi upepo na mkondo huo huweza kupingana, na vinapopingana mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama, yenye kujaza maji chomboni.

Bamvua na maji mafu

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na kilele chake huwa siku moja au mbili baadaye. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa mita 3 au zaidi. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1.

Maji hayasogei kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya kwanza hupungua kidogo, ya pili zaidi, ya tatu na ya nne kwa kasi kubwa kuliko zote, kisha hupoa tena. Kwa bamvua la mita 3, maji hushuka karibu sentimita 25 katika saa ya kwanza, lakini sentimita 75 katika saa ya tatu na nyingine 75 katika saa ya nne. Hizo saa mbili za kati ndizo ambazo milango ya mwamba na midomo ya mikono ya bahari huwa kama mto.

Nyakati hizi zimo katika jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na Halmashauri ya Bandari za Kenya. Anayelisoma awe mwangalifu: jedwali hutumia saa za tarakimu 24. Palipoandikwa 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri, wala si saa nne na nusu. Kosa hilo dogo hugeuza maji kujaa kuwa maji kupwa.

Asubuhi mbili tofauti

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi na nusu alfajiri na kukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mvuvi anayeshusha kayaki saa kumi na mbili huyakuta maji yanatoka, nayo humbeba hadi nje kwa raha. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu ndipo mkondo wa kutoka huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo akitaka kurudi saa mbili atalazimika kupigana nao mlangoni. Akisubiri hadi saa nne, mkondo utakuwa umetulia, lakini mwamba utakuwa mkavu na kwenye sehemu nyingi atalazimika kuburuta kayaki juu ya matumbawe makali. Akingoja maji yarudi, atakuwa nje jua kali na upepo ukipanda. Siku kama hiyo, mwenye kayaki hufanya vyema kuvua ndani ya mwamba, au kuahirisha.

Siku za maji mafu mambo ni kinyume. Maji hukupwa karibu saa kumi usiku na kujaa karibu saa nne asubuhi. Anayetoka saa kumi na mbili hukuta maji yanajaa polepole, mkondo ni dhaifu, na anaporudi saa tatu au saa nne mwamba umefunikwa na maji yanamsaidia kuingia. Pia huwa amefika ufuoni kabla ya upepo wa mchana. Samaki huenda wakawa wachache kidogo kuliko siku za maji kwenda kasi, lakini mvuvi hufika nazo nyumbani changu zake mbili.

Mwamba na milango yake

Sehemu kubwa ya pwani ya Kilifi ina mwamba sambamba na ufuo, wenye milango michache ambamo vyombo hupita. Mgeni asiutafute mlango peke yake. Wavuvi wa ufuo husika wanaujua kwa alama za nchi kavu, kama vile mnazi mrefu au paa la msikiti, na alama hizo hupaswa kutazamwa ukiwa unatoka, maana ndizo zitakazotumika kurudi.

Kabla ya kupita, inafaa kusimama mbali na mlango na kutazama mawimbi kwa muda wa robo saa. Mawimbi huja kwa makundi, na bahari iliyotulia kwa dakika tano yaweza kuleta mawimbi matatu makubwa yanayofuatana. Ikiwa yanavunjika katikati ya mlango, mlango huo umefungwa kwa siku hiyo.

Kaskazini mwa Malindi hali hubadilika. Mto Sabaki humwaga udongo mwingi, hasa baada ya mvua, na mwamba haujajengeka kama kusini. Hapo mawimbi hufika hadi ufuoni, na maji ya kahawia huficha magogo yanayoelea. Katika Mkono wa Mida, nako, sehemu kubwa hubaki tope maji yanapokupwa, na aliyeingia ndani sana hunaswa hadi maji yarudi.

Utabiri na dalili

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa bahari wenye kasi ya upepo, mwelekeo wake na kimo cha mawimbi. Upepo hupimwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, na noti 10 ni karibu kilomita 18.5 kwa saa. Kwa anayejifunza, utabiri wa noti 10 watosha kumbakiza ndani ya mwamba. Tahadhari ikitolewa, hakuna mjadala. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani ya Tanzania, wakaazi wa Pwani ya Kenya pia walionywa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa.

Utabiri hutazamwa usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Ukiwa majini, dalili ni hizi: povu jeupe linaloongezeka, wingu jeusi upande upepo unakotoka, au upepo unaogeuka ghafla. Ikionekana moja, mshipi hukunjwa na safari ya kurudi huanza papo hapo.

Mahali pa kuvua

Uvuvi hauruhusiwi ndani ya Hifadhi za Taifa za Baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968. Kuruwitu nako wananchi wametenga eneo lao, maarufu kama tengefu, ambalo kazi yake ya uhifadhi ilitambuliwa kwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Mipaka ya maeneo hayo, pamoja na masharti ya leseni, huelezwa na kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) na afisi ya uvuvi iliyo karibu.

Mtu wa ufuoni

Hakuna kayaki inayopaswa kutoka bila mtu wa nchi kavu kujua. BMU au mtu wa nyumbani aachiwe mambo manne: mahali pa kutokea, sehemu ya kuvua, rangi ya kayaki, na saa ya mwisho ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila habari, mtu huyo asingoje jioni. Apige ripoti kwa BMU, Walinzi wa Pwani, au nambari za dharura 999 na 112. Kila saa inayopita, mkondo humpeleka aliyepotea mbali zaidi.

Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa, halifungwi nyuma ya kayaki. Mengine ya lazima ni filimbi, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, maji ya kunywa, kofia, kasia iliyofungwa kwa kamba, na kisu cha kukatia kamba ya nanga. Nanga ifungwe mbele au nyuma ya kayaki, kamwe isifungwe ubavuni, kwa sababu mkondo ukivuta kutoka ubavuni hupindua chombo mara moja. Kayaki ikipinduka, mvuvi asiiache akaogelea kuelekea ufuoni. Chombo huelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Kupanda tena juu yake hujifunzwa kwenye maji ya kiuno, kabla ya siku ya kuhitajika.

Kabla ya kushusha kayaki

- Maji yatajaa na kukupwa saa ngapi leo, na ni bamvua au maji mafu?
- Upepo unatoka wapi, na utakuwaje saa ya kurudi?
- Njia ya kurudi itakuwa na maji ya kutosha?
- Nani ufuoni anajua saa ya mwisho?

Swali moja likikosa jibu, kayaki ibaki ufuoni. Bahari itakuwepo kesho, na maji yatajaa tena.