Jinsi ya Kupiga Picha Vitu Vidogo Ving'aavyo

Mjini Lamu masonara hufanya pete za fedha zenye kigae cha chombo cha Kichina kichwani, mara nyingi chenye maua ya buluu. Mtu akiishika pete hiyo mkononi huipenda. Lakini siku hizi wanunuzi wengine wako mbali, nao huiona kwanza katika picha iliyopelekwa kwa simu. Ikiwa picha yaonyesha chuma cheusi chenye doa kali jeupe, mnunuzi hudhani kwamba fedha si fedha, na pete hurudi kabatini. Kosa si la sonara, wala mara nyingi si la kamera.

Sababu ni hii. Nuru ikiangukia kitambaa au ubao hutawanyika pande zote. Fedha iliyosuguliwa haifanyi hivyo: huirudisha nuru kwa pembe ile ile iliyojia, kama kioo cha kujitazamia. Basi uitazamapo pete waona dirisha, dari, shati lako, na ile simu nyeusi uliyoishika. Chumba kikiwa na giza, pete nayo huwa nyeusi, hata ukiimulika kwa taa yenye nguvu. Taa itaonekana kama kinukta tu. Wengi huongeza taa ya pili na ya tatu, wakapata vinukta vitatu. Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza, kwa kijiko cha fedha, nilipata picha safi sana ya pua yangu.

Kwa hiyo yakupasa kumulika vile vinavyoizunguka pete, si pete yenyewe. Weka meza karibu na dirisha lisiloingiza jua kali, utandike karatasi nyeupe, kisha uizungushie pete kitambaa cheupe chepesi, mfano wa hema dogo, ukiacha tundu moja la kamera. Nuru ikipenya, kitambaa chote huwa taa moja kubwa iliyo laini, na fedha ikaonekana nyeupe. Asiye na kitambaa na akate kitako cha dumu jeupe la plastiki. Lafaa vile vile. Taa ya simu izimwe, na za chumbani pia, maana nuru ya taa nyingi ni ya manjano na ile ya dirishani yaelekea buluu, na fedha itazionyesha zote mbili.

Hapa kuna jambo ambalo wanaoanza hulisahau. Pete iliyozungukwa na weupe mtupu hupoteza umbo, ikafanana na karatasi iliyokatwa. Mviringo wa chuma huonekana kwa mstari mweusi. Simamisha ndani ya hema vipande viwili vyembamba vya karatasi nyeusi, kulia na kushoto, uvisogeze polepole huku ukitazama simu, mpaka ukingo wa pete uwe kama umechorwa kwa wino. Kazi hii yataka subira, wala haina gharama.

Sarafu ina shida yake, kwa kuwa ni bapa na kamera huitazama kutoka juu. Inamisha kipande cha kioo safi juu yake kwa nyuzi 45, taa ikiwa ubavuni. Kioo huiangushia sarafu sehemu ya nuru, nayo kamera huiona kupitia kioo hicho hicho. Mwenye sarafu za kale, kama zile senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, asizisugue zing'ae: kwa wakusanyaji, sarafu iliyosuguliwa hupungua thamani.

Kabla ya kupiga, futa vumbi na alama za vidole, na simu uiegemeze juu ya kitu imara. Usiisogeze karibu mno, maana upande wa pete ulio karibu utavimba. Kamera hukisia kwamba kila ikionacho ni cha kijivu, hivyo karatasi yako nyeupe itafifia. Katika simu nyingi waweza kugusa pete kwenye kioo cha simu, kisha ukaongeza mwanga kidogo. Komea pale ambapo karatasi imekuwa nyeupe na maua ya kigae bado ni ya buluu.