Kujitolea Wakati wa Maafa: Mkono Unaosaidia Usibague

Leo tunaongea juu ya mtu anayejitolea kusaidia wenzake wakati wa maafa. Anafanya kazi gani? Na kwa nini kazi hiyo inaweza kujenga amani, ao kuibomoa?

Tukumbuke yaliyotupata. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na watu wa Goma wakakimbia usiku. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilifurisha mito huko Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Nani aliyechimbua matope mbele ya wengine? Ni majirani, pamoja na wenye kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Magari ya mashirika yalikuja nyuma.

Basi, nani anaweza kujitolea? Kila mtu mwenye nia njema, mwanamume na mwanamke. Hata ninyi mliokimbia vita. Aliyepoteza nyumba hakupoteza akili wala mikono. Kati yenu mko wauguzi, walimu, mafundi. Anayetaka aende kwa komite ya Msalaba Mwekundu ya mahali, ao kwa komite ya wahami, ajiandikishe na aombe kufundishwa huduma ya kwanza. Ajue mapema kwamba kazi hii haina mshahara. Anayekuja kutafuta mali atachoka upesi, ao ataiba.

Kazi yenyewe ni ipi? Kufunga kidonda na kuzuia damu. Kuonyesha watu njia ya kutokea. Akiokota mtoto aliyepotea, aandike jina lake, la wazazi, la kijiji, na mahali alipookotwa. Kisha apashe habari mkuu na komite. Asimpeleke mbali, kwa maana mama atamtafuta pale walipoachana. Kama ni maiti, kabla ya kuzika aandike nguo, alama za mwili na mahali alipopatikana, ili jamaa wapate kumtambua.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ni ya kalamu. Mashirika yanapoleta unga, blanketi na bidoni, yanauliza: orodha iko wapi? Anayeandika orodha ameshika maisha ya watu. Akianza na ukoo wake, akimwacha mjane wa kabila lingine, ao akiandika majina ya watu wasiokuwapo, amepanda mbegu ya vita. Watu waliokaa pamoja bila ugomvi wanaanza kuchukiana kwa sababu ya jetoni moja. Tena tusisahau wenyeji waliopokea wahami nyumbani mwao na kugawana nao chakula hata kikaisha. Nao wakiachwa, uchungu unaingia.

Orodha ya haki inaandikwa namna hii. Watu watatu, si wa kabila moja, mwanamke akiwemo, wapite nyumba kwa nyumba. Kabila lisiandikwe. Majina yasomwe mbele ya watu wote kabla ya siku ya kugawa, bila kutaja ugonjwa ao siri ya mtu. Aliyesahauliwa apate mahali pa kulalamika. Na orodha isipewe mtu mwenye silaha.

Hii si huruma tu. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea Kanuni juu ya watu waliohama makwao ndani ya inchi yao. Kanuni ya 3 yasema jukumu la kwanza ni la serikali. Kwa hiyo raia akijitolea, mkuu hakufunguliwa kazi yake. Kanuni ya 18 yataka wanawake washiriki kabisa katika kupanga na kugawa vitu. Kanuni ya 24 yasema msaada utolewe bila upendeleo, wala usigeuzwe kwa faida ya siasa ao ya vita.

Tena msaada hauuzwi. Anayedai pesa, ao mwili wa mwanamke ao wa msichana, ili aandike jina, huyo ni mkosaji, hata kama amevaa jile la shirika. Ashitakiwe. Mkuu anayejua na kunyamaza amekuwa mwenzake.

Ndugu wasikilizaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Maafa hayaulizi kabila, nasi tunaposaidia tusiulize.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Kwetu, nani anaandika orodha, na nani anaikagua?
2. Ni wajane, walemavu ao wenyeji gani waliosahauliwa mara ya mwisho?
3. Ni watu gani watatu tunaoweza kuwatuma wiki hii wakafundishwe huduma ya kwanza?