Mwaka wa Kwanza wa Leseni: Hiari ya Kijana na Haki ya Abiria

Kijana akikabidhiwa leseni ya pikipiki asubuhi, jioni yake yupo kijiweni anasubiri abiria. Hapa kwetu Ng'ambo, mjini Tabora, jambo hilo halimshangazi mtu. Pengine baba ndiye aliyemnunulia pikipiki, pengine tajiri amempa kwa mkataba, na nyumbani wanamwombea dua apate riziki ya halali. Abiria wake wa kwanza huenda akawa mama mjamzito anayewahi kliniki Kitete, au binti anayerudi madrasa. Abiria huyo huuliza nauli tu. Haulizi leseni ina siku ngapi.

Makala haya yanahusu siku hizo za mwanzo, baada ya leseni kutoka na kabla ya mkono na jicho kuzoea. Mwanafunzi ana mwalimu wa kumsimamia, na dereva mkongwe ana uzoefu wake. Dereva mpya hana hiki wala kile. Je, kwa kuwa amefuzu na ni mtu mzima, aachwe ajiamulie namna ya kuendesha, la kuvaa na wa kumbeba? Au awekewe mipaka mpaka kipite kipindi fulani?

Vijana wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Wanasema: nimekwenda chuo cha udereva, nimepimwa na askari wa usalama barabarani, Mamlaka ya Mapato imenipa kadi yangu. Ikiwa serikali imeridhika, wewe ni nani unikataze kubeba abiria usiku? Mwili ni wangu na jasho ni langu; asiyetaka kupanda asipande. Wengine huongeza la kofia ngumu: inapika kichwa katika jua la Septemba, inaziba masikio, na nikianguka mwenye kuumia ni mimi.

Katika maneno hayo mna ukweli. Mtu mzima mwenye akili timamu hatakiwi kuongozwa kama mtoto. Wapo wazee wanaolitumia neno "usalama" kuwa kisingizio cha kumfungia kijana ndani. Leo wanamnyima pikipiki, kesho watamnyima kuoa. Lakini hoja hiyo ya mwili wangu ina pengo moja kubwa, nalo ni kiti cha nyuma. Anayekaa pale hakushiriki katika uamuzi wa kijana. Hajui kwamba breki ya mbele ikikamatwa ghafla juu ya mchanga wa njia zetu, gurudumu huteleza. Hajui kwamba dereva wake hajawahi kupishana na lori usiku katika barabara ya Nzega, taa zikimpiga machoni. Tukisema abiria amekubali mwenyewe kupanda, tukumbuke kwamba makubaliano yanataka mtu ajue anachokikubali.

Mfano ulionifikirisha zaidi nimeukuta mbali kabisa na barabara. Huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, watalii hulipa fedha ili warushwe kutoka ndegeni, wakiwa wamefungwa kifuani mwa mrukaji mzoefu, kisha washuke naye kwa parachuti hadi ufukweni. Hukumu ya mchezo wenyewe tuwaachie masheikh. Linalonihusu ni kanuni za watu hao. Ukimtafuta mja anayeupenda uhuru wake kuliko raha ya nyumbani, ni huyu anayetoka kwa hiari yake katika ndege nzima isiyo na hitilafu. Ungetarajia watu wa namna hiyo wasitake kusikia habari ya mipaka.

Kumbe wamejiwekea mipaka mingi, na mizito zaidi ni ya wenye leseni mpya. Katika chama chao cha Marekani, USPA, ambacho taratibu zake hufuatwa na kuigwa katika nchi nyingi, leseni ya kwanza haipatikani kabla ya miruko 25. Aliyeipata analazimika kufungua parachuti akiwa hajashuka chini ya futi 3,000, ilhali wenye leseni za juu yake wanaruhusiwa kuteremka hadi futi 2,500. Vazi la mabawa, lile linalomfanya mtu apae kama popo, halivaliwi kabla ya miruko 200. Na kwa jambo linalotuhusu sisi, yaani kumfunga mtu mwingine kifuani na kuruka naye, anatakiwa awe na miruko isiyopungua 500 na miaka 3 katika mchezo huo, kisha asomee kazi hiyo na kupimwa upya.

Wapo miongoni mwao wanaonung'unika. Mgogoro mkubwa huwa juu ya ukubwa wa parachuti. Parachuti dogo lina kasi na hugeuka upesi, na kijana mwenye leseni mpya hulitamani kama vijana wetu wanavyotamani pikipiki yenye injini kubwa. Wakongwe humwambia asubiri, naye huuliza wanamzuia kwa mamlaka gani. Jibu lao hutoka makaburini: warukaji wengi wamefariki hali parachuti zao zilikuwa zimefunguka vizuri kabisa. Kilichowaua ni kuligeuza parachuti la kasi karibu na ardhi, kabla jicho halijajifunza kupima umbali. Hakuna kilichoharibika katika vifaa vyao. Walipungukiwa na uzoefu, na uzoefu haukati mtu leseni wala hauuzwi dukani.

Basi tulinganishe. Miruko 500 kabla ya kumbeba mtu angani. Na kwetu, abiria siku ileile. Nchi nyingine zimeliona hilo hata barabarani. Japani, aliyepata leseni ya pikipiki haruhusiwi kumpakia mtu nyuma mpaka utimie mwaka mmoja, na katika barabara za mwendokasi husubiri miaka mitatu. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa daraja, dereva mpya akianza na mipaka ya usiku na ya abiria, kisha mipaka ikilegezwa kadiri anavyozoea. Mipaka hiyo ina mwisho unaojulikana, na hapo ndipo inapotofautiana na ile ya mzee anayekataza bila kusema mpaka lini.

Wala tusidhani kwamba fikra hii imeletwa na wageni. Mji wetu umejengwa juu yake. Richard Burton alipofika Kazeh, mwezi Novemba 1857, aliwakuta Wanyamwezi wanaiona kazi ya upagazi kuwa kipimo cha uanaume. Aliandika kwamba watoto wao wa miaka sita au saba walikuwa tayari wanabeba pembe ndogo za ndovu mabegani. Pembe ndogo, ndugu msomaji. Mzigo wa mpagazi kamili ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na safari ya kwenda pwani ilichukua miezi. Hakuna aliyembebesha mtoto mzigo huo siku ya kwanza. Burton huyohuyo ameeleza desturi ya kirangozi, kiongozi wa msafara. Aliyethubutu kumtangulia njiani alichomolewa mshale katika podo lake, uwe ushahidi dhidi yake mwisho wa safari ya siku hiyo. Hawa walikuwa watu huru waliokwenda kutafuta ujira, wenye kiburi cha kazi yao, na hawakuona kwamba kumfuata kirangozi kunawapunguzia uanaume.

Mafakihi nao wameifahamu njia hiyo ya hatua kwa hatua. Katika suala la yatima kukabidhiwa mali yake, kubaleghe peke yake hakutoshi; hupimwa kwanza mpaka uonekane uongofu wake wa kuiendesha. Baadhi yao wamesema apewe kiasi kidogo anunue na kuuza, aonekane anavyofanya. Ikiwa mali ina utaratibu huo, roho ya mama aliyepanda nyuma ina haki zaidi.

Tukifika hapo, kuna neno ambalo dereva hulitoa haraka akishikwa hoja: ajali ni kadari ya Mungu, siku ikifika imefika. Ni kweli, ila si ajuaye siku yenyewe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache bila kumfunga kwa kuwa anamtegemea Mwenyezi Mungu, alimwelekeza amfunge na kutegemea pia. Kofia ngumu ndiyo kamba yetu. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, kwa waliopata ajali ya pikipiki.

Kadari haifuti dhamana pia. Mwezi Juni 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya OIC, lilikutana Brunei na kulijadili suala la ajali za barabarani. Lilipitisha kwamba kuzitii kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, kwa kuwa zimewekwa kwa maslahi ya watu, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa katika hali chache kama vile nguvu asiyoweza kuizuia au kosa la mtu mwingine. Mwenye kumwua muumini kwa kukosea ana diya kwa warithi wake, ila wakisamehe, na ana kafara, ambayo kwa zama zetu ni kufunga miezi miwili mfululizo, kama ilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 92. Ningependa kila kijana aisome aya hiyo siku anayochukua leseni. Miezi miwili mfululizo! Na Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamsubiri mlango wa pili.

Hadi sasa nimemsemesha kijana. Lakini kwa maoni yangu, mwenye kubeba lawama kubwa zaidi si yeye, ni hesabu ya jioni. Kijana wa mkataba anadaiwa fedha kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka pikipiki iwe yake. Mwambie asibebe usiku, na usiku ndipo nauli inapopanda. Mwambie asipakie mishikaki, watu wawili au watatu nyuma kinyume cha sheria, na mishikaki ndiyo inayokamilisha hesabu. Tunamhubiria hiari, kumbe hiari yenyewe ilikwisha kuuzwa siku alipotia saini. Anayemwekea dereva mpya mipaka bila kugusa hesabu anamwongezea njaa tu, na kijana atamdanganya.

Kwa hiyo maneno yangu yaliyobaki ni kwa wenye pikipiki. Wengi wao tunaswali nao safu moja, na wengine ni wazazi wa vijana wenyewe. Tajiri anayempa pikipiki kijana mwenye leseni mpya ana uwezo ambao hata trafiki hana, kwa sababu mkataba uko mkononi mwake. Anaweza kuandika kwamba miezi mitatu ya mwanzo kijana abebe mizigo peke yake: magunia ya mpunga, ndoo za asali, vifurushi vya dukani. Hesabu ya miezi hiyo iwe pungufu, na kilichopungua kisogezwe mwisho wa mkataba. Tajiri hapotezi, anachelewa. Kisha abiria mmoja, mchana, ndani ya mji. Usiku na barabara kuu vifuate mwaka ukitimia. Tarehe za kila hatua ziandikwe, ili kijana ajue mipaka inakwisha lini na asiombe ruhusa ya mtu siku hiyo ikifika.

Kofia ya abiria nayo itolewe na tajiri. Dada zetu wengi huikataa kwa sababu imepita vichwa vya watu kumi tangu asubuhi, na hilo siwalaumu. Hata hivyo mtandio wa ndani, ukifungwa vizuri bila fundo kubwa kisogoni, huitosheleza stara na kumkinga mvaaji na jasho la waliotangulia, na kofia hukaa sawasawa. Kina mama wanaosafiri mara kwa mara wangefanya vyema kununua zao wenyewe. Tunanunua viatu vya Idi kila mwaka. Na wanaume wenye kukataa kofia ngumu kwa ajili ya kofia ya viua, kofia ya viua huingia mfukoni mwa kanzu bila taabu.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, ninalo daftari la michango ya wagonjwa. Waumini hutoa elfu moja, elfu mbili, kwa ajili ya vyuma vya miguu na nauli za kumfuata mgonjwa. Sijasikia bado mtu akichangia ili dereva mpya apunguziwe hesabu kwa miezi mitatu, ingawa fedha ingekuwa ndogo kuliko ya chuma kimoja cha paja. Pendekezo hilo limo katika ajenda za kikao kijacho cha kamati, baada ya swala ya isha. Wenye pikipiki waje na mikataba yao, na vijana wenye leseni mpya waje pia, tuzisome hesabu pamoja.