MASHINI YA KUNOLEA: LINDA MACHO NA MIKONO YAKO

Je, mkulima, unayo mashini ya kunolea katika banda lako la vyombo? Au wewe na jirani zako mnatumia ile ya chama cha ushirika? Kama unayo, maneno haya ni yako. Kama huna, lakini unafikiri kununua, soma pia, maana ni heri kujua kabla ya kulipa.

Mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa katika mpango wa ekari milioni moja, vyombo vya mkulima wa skimu vilikuwa jembe, panga na shoka. Alivinoa kwa tupa au kwa kinoo. Siku hizi stima imefika katika nyumba nyingi za mashambani, na kazi zimeongezeka. Mwenye ng'ombe wa maziwa anayo mashini ya kukata majani, na visu vyake vikiwa butu majani hayakatiki, bali hupondeka, na mota hupata taabu. Fundi wa mbao anataka patasi kali. Kwa hivyo wakulima wengi wamenunua ile mashini ndogo ya mezani yenye mawe mawili, ambayo mafundi huiita grinda.

Mashini hii ni msaidizi mwema. Lakini mtu akiitumia bila kuielewa, inaweza kumtoa jicho kwa nukta moja. Shamba laweza kulimwa tena, na ng'ombe akifa waweza kununua mwingine. Jicho halinunuliwi.

HATARI IKO WAPI?

Watu wengi huogopa stima peke yake. Ni vizuri kuiogopa, lakini hatari kubwa ya mashini hii iko katika jiwe.

Jiwe lile si jiwe la mtoni. Limetengenezwa kwa chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa udongo maalum, kisha likachomwa katika tanuri kama chungu. Na kama chungu, ni gumu lakini huvunjika. Likianguka sakafuni laweza kupata ufa usioonekana kwa macho.

Sasa fikiri juu ya mwendo wake. Mashini ndogo ya kawaida ina jiwe la upana wa milimita 150, nalo huzunguka kiasi cha mara 2,900 kwa dakika moja. Ukipiga hesabu utaona kuwa ukingo wa jiwe hilo huenda mwendo wa kilomita 82 kwa saa, sawa na gari liendalo kasi katika barabara kuu. Jiwe lenye ufa likipasuka, vipande vyake huruka kwa mwendo huohuo, na wewe umesimama mbele yake, hatua moja tu. Huna nafasi ya kukwepa.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya mashini hii ina kinga, na kinga yenyewe ni dakika chache za kukagua kabla ya kuwasha.

GONGA JIWE USIKIE

Mama anunuaye chungu sokoni hukigonga kwa kidole asikie mlio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti mbovu. Fanya hivyo hivyo kwa jiwe jipya kabla ya kulifunga.

Lifute vumbi, na uhakikishe ni kavu. Lining'inize kwa kijiti kilichopitishwa katika tundu la katikati. Kisha ligonge polepole kwa mpini wa mti wa bisibisi, karibu na ukingo, upande wa kulia na upande wa kushoto. Usitumie chuma. Jiwe zima litalia vizuri. Likitoa sauti nzito isiyolia, usilifunge kwa mashini hata kama umelinunua leo. Livunje kabisa ulitupe, ili mwingine asije akaliokota na kulitumia.

Tena soma maandishi yaliyo katika karatasi ya jiwe. Yataonyesha mwendo wa juu kabisa ambao jiwe hilo laweza kuvumilia, yaani mizunguko kwa dakika. Soma pia kibati cha mota. Mwendo ulioandikwa kwa jiwe usiwe chini ya mwendo wa mota. Ukiwa chini, jiwe hilo halifai kwa mashini yako.

KULIFUNGA JIWE

Kwanza chomoa plagi. Usitosheke na kuzima swichi, maana mtoto au mgeni aweza kuiwasha.

Zile karatasi nene za mviringo zilizobandikwa pande mbili za jiwe usizibandue. Kazi yake ni kuwa mto kati ya jiwe na sahani za chuma zinazolibana. Sahani zote mbili ziwe na upana sawa. Jiwe liingie katika shafti vizuri bila kulazimishwa. Kama tundu ni dogo, usilipanue kwa tupa, na usiligonge jiwe kwa nyundo. Tafuta jiwe la kipimo chake.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ukisimama mbele ya mashini, nati ya jiwe la kulia hufunguka kama nati nyingine zote. Lakini nati ya jiwe la kushoto ina hesi za kinyume. Ukitaka kuifungua, izungushe upande ule ambao kwa kawaida ungekaza. Imefanywa hivyo ili jiwe linapozunguka lisiilegeze nati. Asiyejua jambo hili huvuta spana kwa nguvu zake zote akidhani nati imeshika kutu, kumbe anazidi kuikaza, na jiwe laweza kupasuka. Kaza nati kiasi cha kulishika jiwe tu. Usipande juu ya spana.

KIFUNIKO NA KIEGEMEO

Kifuniko cha chuma kinachozunguka jiwe si pambo. Jiwe likipasuka, kifuniko hicho ndicho kinachozuia vipande visikufikie. Watu wengine hukiondoa wakisema kinawabana wanaponoa panga refu. Anayefanya hivyo ameondoa ukuta uliokuwa kati yake na hatari.

Mbele ya jiwe kuna kiegemeo, yaani kile chuma ambacho unakilazia chombo unachonoa. Nafasi kati ya kiegemeo na jiwe isizidi milimita 3. Kipimo chepesi ni hiki: kijiti cha kiberiti kipite, lakini ncha ya kidole isipite. Nafasi ikiwa kubwa, jiwe litavuta chombo chini, kitakwama, na vidole vyako vitafuata. Juu, penye mdomo wa kifuniko, kuna ulimi mdogo wa chuma. Nafasi yake na jiwe isizidi milimita 6.

Kumbuka kwamba jiwe hupungua kila unaponoa, na nafasi huongezeka. Kwa hivyo sogeza kiegemeo mara kwa mara, lakini wakati mashini imezimwa na jiwe limesimama kabisa.

Wako pia wanaochukua mota ya zamani ya pampu, wakafunga jiwe katika shafti yake bila kifuniko wala kiegemeo. Bei yake ni ndogo, lakini malipo yake ni makubwa. Usijaribu. Na kama una kazi ya watu wa kuajiriwa katika banda lako, ujue kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi azikinge mashini zenye hatari.

STIMA

Stima ya nyumbani Kenya ni ya volti 240, nayo inaua. Tumia plagi ya miguu mitatu, na ule waya wa rangi ya kijani na manjano uwe umefungwa mahali pake. Huo ndio waya wa ardhini. Usiukate. Waya ulioliwa na panya au uliochubuka ubadilishwe na fundi wa stima, usifungwe kwa kitambaa. Usisimame juu ya sakafu yenye maji.

Na hapa kuna jambo ambalo sisi sote tunalijua. Stima hukatika. Unapokuwa ukinoa na stima ikapotea, zima swichi mara moja kabla ya kwenda kunywa chai. Usipoizima, stima itarudi saa yoyote, na mashini itaanza kuzunguka yenyewe, labda wakati mtoto ameweka mkono juu ya jiwe.

NAMNA YA KUNOA

Funga mashini kwa boliti juu ya meza nzito, mahali penye mwanga. Ondoa nyasi kavu, magunia, petroli na mafuta karibu nayo, kwa sababu cheche ni moto.

Vaa miwani ya kukinga macho, ile inayoziba pande zote. Miwani ya jua au ya kusomea haitoshi. Hata kama unanoa ncha moja tu ya patasi, vaa. Ajali nyingi hutokea kwa kazi ambayo mtu amesema, "Ni ya dakika moja tu." Mtu anayesimama karibu kukutazama naye avae, au aondoke.

Usivae koti linalopepea, tai, shuka, wala glavu pana za kitambaa. Kunja mikono ya shati. Mwenye nywele ndefu azifunge, na kanga au leso isining'inie. Funika pua kwa barakoa, maana vumbi la jiwe na chuma si zuri kwa mapafu.

Unapowasha, simama kando, usisimame mbele ya jiwe. Liache lizunguke dakika moja bila kazi. Kama mashini inatetemeka au inatoa sauti ngeni, izime ukatafute sababu. Jiwe lenye ufa, mara nyingi hupasuka katika dakika hiyo ya kwanza.

Kisha laza chombo juu ya kiegemeo, ukishike kwa mikono miwili, na ukisogeze polepole kulia na kushoto, ili jiwe lisichimbike mahali pamoja. Usisukume kwa nguvu. Tumia uso wa mbele wa jiwe, wala si ubavu wake, kwani ubavu haukufanywa kuvumilia msukumo. Usinoe alumini wala shaba. Vyuma hivyo laini huziba matundu madogo ya jiwe, jiwe likapata moto na kuharibika.

Weka mkebe wa maji karibu, na utie chombo chako majini kila mara. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, ujue kimepata moto mwingi na ugumu wake umetoka. Makali hayo hayatakaa. Utanoa leo na kesho utanoa tena. Lakini poza chombo, usilowanishe jiwe. Jiwe lililolowa upande mmoja huwa zito upande huo, na mashini ikiwashwa hutetemeka.

Visu vya mashini ya kukata majani vinataka uangalifu zaidi. Chomoa plagi ya mashini hiyo kabla ya kufungua visu. Noa ule upande ulioinama tu, wala usiguse upande wa bapa, na ufuate mwinamo uleule wa kiwandani. Punguza visu vyote kwa kiasi kimoja. Kimoja kikiwa chepesi kuliko mwenziwe, gurudumu litayumba na kuharibu beringi.

Na kwa jembe na panga la kila siku, tupa yatosha. Iweke grinda kwa kazi ya kuondoa mapengo na kwa vyombo vizito. Panga linalopelekwa kwa mashini kila asubuhi litakwisha kabla ya mwaka kwisha.

KAMA AJALI IMETOKEA

Kipande kikiingia jichoni, usilisugue. Usimruhusu mtu yeyote kukitoa kwa kijiti cha kiberiti, kwa ncha ya leso, wala kwa ulimi. Kama ni vumbi tu, osha jicho kwa maji safi mengi. Kama kipande kimechoma jicho, usilioshe wala usilikandamize. Lifunike kwa upole kwa kitambaa safi, na uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone kama maumivu yatapungua. Kipande cha chuma hushika kutu ndani ya jicho, na kila siku unayongoja huongeza madhara.

Mkono ukikatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, kisha utafute mganga.

Mwisho, ukimaliza kazi, zima, chomoa plagi, na ungoje mpaka jiwe lisimame lenyewe. Usilizuie kwa chuma wala kwa mti. Funga mlango wa banda, na ufunguo ukae kwako. Wafundishe vijana wako waliokwisha kukua mambo haya yote kabla hawajaigusa swichi, nao watoto wadogo wasiingie kabisa.

Kesho asubuhi, kabla ya kunoa kitu chochote, chukua kijiti cha kiberiti uende ukapime nafasi ya kiegemeo chako. Ukiona ncha ya kidole yapita, chomoa plagi urekebishe kwanza. Kazi hiyo haikugharimu hata senti moja.